Carnival au Royal Caribbean?

Familia inayotaka kupanda meli ya kitalii kutoka Miami kwenda visiwa vya Karibi mara nyingi huishia kuchagua kati ya kampuni hizi mbili. Kwa nauli, Carnival kwa kawaida ndiyo nafuu. Lakini nauli si gharama yote: kote kuwili bakshishi ya wahudumu huhesabiwa kila siku kwa kila abiria, na pombe, soda na intaneti hulipiwa mbali. Jumlisha vyote kwanza, ndipo ulinganishe.

Abiria wa Carnival wanapenda shangwe. Muziki unapigwa bwawani mchana kutwa, usiku ni dansi. Baga za Guy's, mgahawa wa melini, zimo ndani ya nauli, na ni tamu kwelikweli.

Royal Caribbean inawafaa zaidi wenye watoto, hasa kwenye meli zake kubwa. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina sitaha 20 na hubeba abiria zaidi ya 5,600 hata vyumba vikiwa na watu wawili wawili tu. Kuna mabwawa 7, vitelezi 6 vya maji, na ukumbi wa barafu wenye maonyesho ya kuteleza. Maonyesho hayo hayana malipo, ila shika nafasi mapema. Kwenye kisiwa chao cha CocoCay, huko Bahamas, ufukwe ni bure. Bustani ya maji inalipiwa, na bei yake inauma.

Ningekuwa na watoto wa shule ya msingi, ningeongeza pesa nipande Royal. Watu wazima watupu, Carnival inatosha kabisa.