Kuvisha ndege pete Ngulia: tazama mwezi kabla ya kulipia chumba

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya ukungu, ambao huja upendapo na hauna meneja wa kulalamikiwa.

Ngulia ni hoteli ya safari ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wamekuwa wakivishwa hapa pete za mguuni zenye namba, ili safari zao zijulikane, tangu 1969, na kisa chake ni taa zinazomulika kidimbwi cha wanyama mbele ya hoteli. Ndege hawa husafiri usiku. Mvua za vuli zikileta ukungu na mbalamwezi ikakosekana, hupotea njia, wakaziandama taa na kunaswa kwenye nyavu. Kwa hiyo chagua siku za karibu na mwezi mwandamo, Novemba au Desemba. Mwezi ukiwaka, wanapita juu kwa juu nawe unakunywa chai mpaka asubuhi.

Usiku mzuri hauna mapumziko. Nyavu ni za nyuzi nyeusi laini, matundu ya milimita 16. Ndege hugonga na kuangukia kwenye mkunjo kama mfukoni. Kumtoa ndiyo kazi yenyewe, si pete. Kwanza jua aliingia upande gani, kwa kuwa atatokea huohuo. Wengi huanza na miguu, kisha mabawa, kichwa mwisho. Uzi ukinasa ulimini, acha vyote, utoe kwa kijiti bila kuvuta. Popo huzungusha uzi mara kumi, na meno yao si mchezo. Lanius collurio, ndege wa jamii ya mbwigu, naye huuma. Ndege wakitolewa hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kusubiri pete: huyu awe na mfuko wake peke yake.

Mezani, pete ya alumini hukaa kwenye tundu la koleo linalolingana nayo. Ibane, izungushe kidogo, ibane tena. Ncha zikiachana hunasa nyuzi na majani. Zikipandana huchubua mguu. Namba husomwa kwa sauti, mwandishi airudie: tarakimu moja ikikosewa, pete hiyo ikiokotwa Saudia au Urusi haitamwambia mtu lolote la kweli.

Bawa hupimwa kwa rula yenye kizuizi. Kisha puliza manyoya chini ya koo: kishimo kikiwa cha manjano, ana mafuta ya safari, kikiwa chekundu, ameishiwa. Acrocephalus palustris, ndege wadogo ambao huwa wengi, wana gramu 11 hivi. Umri wao hujulikana kwa ncha za mabawa: zilizochakaa ni za mkubwa, nzima ni za kinda wa mwaka huo. Kwa Luscinia luscinia, mhamaji mwingine, tafuta vidoa vya rangi hafifu bawani. Vikiwepo, ni kinda.

Kukipambazuka kazi huhamia nyavu za vichakani, zinazonasa walioshuka usiku. Jua likianza kuchoma, nyavu hufungwa, maana ndege aliyenaswa juani hafiki mbali.

Makosa niliyoyaona mara nyingi hutokana na tamaa: nyavu nyingi, mikono michache. Mifuko ikianza kurundikana mezani, funga nyavu mbili hapohapo.

Njoo na tochi ya kichwani, betri za akiba na koti la mvua. Mwisho wa zamu pindua kila mfuko ndani nje kabla ya kuuanika, usije ukamsahau ndege ndani. Ndani ya kitambaa kilicholowa, gramu 11 haziongezi uzito wa kuhisika mkononi.