Chaja ndogo ya betri, nyota nne

Kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo, huwa kinalala uani Chumbageni hata wiki tatu nikiwa safari, nikirudi nikipiga stata tik tik basi, mpaka vijana wa boda wanisukume. Nikachukua hii chaja ya volti 12 pale Ngamiani, inapunguza chaji yenyewe betri ikijaa. Betri ilikuwa volti 11.9, nikachaji usiku kucha na mchana wake, nikachomoa nikaiacha itulie ndo nikapima, 12.7, safi kabisa. Ila waya mfupi balaa, na kibanio chekundu springi legelege nimekifunga na mpira wa tyubu. Alafu maji ya betri bado unaongeza mwenyewe, joto la Tanga halina huruma. Muuzaji kasema naweza kuiacha mwezi mzima, mi siiachi, kwa umeme huu unaokatika na kurudi kwa kishindo? Hapana aisee.