Siku sita Lushoto: tathmini ya kambi ya uongozi ya vijana wa Kikristo

Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha tatu, na tangu darasa la kwanza ripoti zake zimekuwa zikirudi nyumbani na maneno yaleyale: anaweza, ila hazungumzi. Mwaka jana, baada ya kipaimara, mwinjilisti wetu alimwomba asome somo la Jumapili kanisani, naye akajifungia chumbani hadi ibada ikatupita. Kwa sababu hiyo nilipolipa shilingi 90,000 ili aende kambi ya uongozi katika likizo ya Juni, sikuwa natafuta kiongozi. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mtoto mwoga angeweza kufungua kinywa bila kuchekwa. Waandaaji wa kambi hiyo nimekwisha kuwaandikia malalamiko yangu moja kwa moja, hivyo jina lao sitalitaja hapa. Ninachotathmini ni namna walivyoiendesha, jambo ambalo mzazi anaweza kuliulizia katika kambi yoyote ile.

Kambi ilifanyika katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako basi linaiacha barabara kuu pale Mombo na kupanda kwa kona nyingi hadi kwenye baridi. Vijana walikuwa 64, wavulana na wasichana, wa kati ya miaka 13 na 18, kutoka sharika mbalimbali. Wengi wetu tuliopitia makongamano ya Pasaka ya UKWATA, Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, tulipokuwa sekondari tunakumbuka mahubiri, kwaya na mijadala, na mimi nilitazamia mambo kama hayo. Niliyoyakuta katika maelezo ya binti yangu yalikuwa tofauti, na ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Waandaaji walichukua ushauri ambao Yethro alimpa mkwewe Musa jangwani, wa kuweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wakaanza na wa kumi. Kila kikundi kilikuwa na vijana wanane na walezi wawili, na kwa siku nne kamili kila kijana alishika zamu ya nusu siku kama mkuu wa kumi. Mkuu alipokea chakula kwa mtunza stoo na kusaini daftari, akagawa kazi za kuni, maji na vyombo, akasimamia upishi, akaongoza sala, na kabla ya kumkabidhi mwenzake alisimama mbele ya kikundi na kusoma taarifa ya zamu yake: kilichofanyika, kilichoharibika na wanaostahili shukrani. Walezi walikatazwa kummalizia kazi.

Zamu ya binti yangu iliangukia mchana wa siku ya tatu. Aliyabandika maharage saa kumi jioni, kama anavyoona nyumbani Dar es Salaam, bila kujua kwamba kule juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage yanahitaji moto wa muda mrefu zaidi. Saa tatu usiku kikundi kilikula ugali na maharage magumu, na mvulana mmoja akasema kwa sauti kwamba leo wamelishwa kokoto. Binti yangu alitaka kukimbilia bwenini. Mlezi wake alimwambia, «Andika taarifa yako kwanza, mdogo wangu, kulia utalia baadaye.»

Karatasi hiyo alirudi nayo, na ninayo mbele yangu ninapoandika. Ni ya daftari la mistari, ina masizi pembeni, na imeandikwa hivi: «Maharage hayakuiva kwa sababu nilichelewa kuyabandika. Sikuuliza yanahitaji muda gani. Naomba radhi. Mkuu anayefuata ayabandike saa nane.» Aliisoma kwa sauti, huku msichana waliyempangia kuwa msaidizi wake amesimama kando yake. Wasaidizi hao waliitwa akina Haruni, kwa sababu asubuhi walikuwa wamesoma habari za Musa aliyelalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Nililipenda sana somo hilo, kwani katika simulizi ile Mungu hakumpa Musa ulimi mwepesi. Alimpa ndugu wa kusimama naye. Kesho yake mkuu mpya aliyabandika maharage saa nane, yakaiva, na katika taarifa yake akamshukuru binti yangu.

Ninaamini kazi yote ya kambi ilifanyika hapo. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu mwaka 1977 kwamba mtu huamini uwezo wake zaidi kwa kufanya jambo lenyewe na kulimudu kuliko kwa kutiwa moyo kwa maneno. Sisi wazazi, nikiwamo mimi, tumekuwa tukiwaambia watoto «unaweza» mara elfu huku tukiwanyang'anya sufuria.

Mihadhara ya mchana juu ya maono na dira ya kiongozi ilikuwa mirefu, na hakuna alilolikumbuka. Blanketi moja halitoshi Lushoto mwezi wa Juni. Ulinzi ulikuwa mzuri: bweni la wasichana lilikuwa na walezi wa kike, na kila jioni mama mlezi alipokea simu za wazazi.

Lililoniumiza ni mkesha wa usiku wa tano. Mhubiri mgeni aliwaita mbele wote wenye «roho ya woga» ili waombewe, akapaza sauti hadi saa nane usiku, na baadhi ya watoto walikiri mambo yao ya siri mbele ya wenzao zaidi ya sitini. Binti yangu alibaki amekaa, kisha akaja nyumbani na swali ambalo hakuwa nalo alipoondoka: «Mama, woga ni dhambi?» Nilimjibu kwamba Yeremia naye alimwambia Mungu hawezi kusema kwa kuwa ni mtoto, na hakukemewa kama mwenye pepo, alitumwa, akaahidiwa kwamba hatakwenda peke yake. Mtoto mkimya si mgonjwa. Kambi iliyotumia siku nne kumjenga kwa subira haikupaswa kumwaibisha kwa usiku mmoja, na mzazi anayetafuta kambi aulize mapema kabisa usiku wa mwisho unaendeshwaje na nani.

Bado ni msichana wa maneno machache mezani. Hata hivyo, wakiwa njiani kurudi alimdai konda chenji yake mwenyewe, na Jumapili ya tatu ya Julai alisoma waraka kanisani. Katika mstari wa pili aliruka maneno, akanyamaza, akarudi mwanzo wa mstari, akausoma upya hadi mwisho kwa sauti ambayo tuliokaa nyuma tuliisikia vizuri. Desemba nitampeleka tena, na kwenye fomu nimekwisha kuandika kwamba usiku wa mkesha aachwe alale.