Yadi iliyokataa kupima betri ya Leaf yangu Kisumu

Yadi moja ya magari hapa Kisumu imeniudhi hadi sasa. Nilipeleka Nissan Leaf, gari langu la umeme lenye betri ya kilowati-saa 24, niiuze. Muuzaji wa yadi akaangalia mwaka kwenye logibuku, akataja bei ya kutupa: "Bosi, hii ni simu kubwa tu. Nani ananunua simu nzee?" Nikamwonyesha kidude cha OBD2, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya simu ya LeafSpy ajionee afya ya betri, akapunga mkono, akageukia mteja mwingine.

Kipimo hicho ni cha dakika chache. Kwanza unasoma SOH, asilimia ya uwezo uliobaki. Vile vijiti 12 vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri havitoshi, kwa sababu cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze karibu asilimia 15. Leaf mbili zenye vijiti vyote zinaweza kuwa moja ina 98, nyingine 86! Kisha unatazama jozi 96 za seli zinazounda betri, chaji ikiwa imeshuka na gari likipanda mlima. Seli dhaifu volteji yake huporomoka peke yake, na ndiyo inayokuangusha njia ya Kericho ilhali dashibodi inasema chaji ipo. Ukiipata, unabadilisha moduli (pakiti ya jozi mbili za seli) moja kati ya 48, si betri nzima.

Hofu ya wenye yadi ina msingi, hilo nakubali. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto la huku pamoja na kuchaji haraka mara kwa mara huimaliza mapema. Magari mapya ya umeme nayo yameshushwa bei. Isitoshe, wapo mabroka wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri: vijiti 12 vinawaka vyote, baada ya muda vinazimika tena kimoja kimoja, mnunuzi ameshalipa. Labda bei ile haikuwa wizi.

Hapana, ilikuwa wizi! Anayeogopa kudanganywa ndiye wa kwanza kupaswa kupima. Jaza chaji, nenda Ahero urudi, chaji tena kupitia mita ya umeme, ulinganishe umeme ulioingia na asilimia zilizoshuka. Betri iliyofutwa kumbukumbu itajitaja. Yadi ikipima, betri yenye afya italipwa bei yake na mbovu bei yake; isipopima, zote zinalipwa kama mbovu. Muuzaji wa yadi akikataa kidude kichomekwe, chukua funguo zako uondoke.