RoadLabPro kwenye barabara ya Mbeya–Makambako: mashimo inayaona, mifereji ya matairi haioni

Kwa wale mnaoshughulika na barabara huku Nyanda za Juu Kusini, iwe uko kwa mkandarasi au unasimamia matengenezo, RoadLabPro ni programu ya simu iliyotengenezwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ni ya bure na kazi inafanya kweli.

Simu unaibana vizuri kwenye holda ya kioo cha mbele, unawasha GPS unaendesha. Sensa ya mtikisiko iliyomo ndani ya simu inasoma gari linavyorushwa, halafu programu inakata barabara vipande vya mita 100 na kila kipande inakipa makadirio ya IRI, ile namba inayojumlisha springi za gari zinacheza mita ngapi kwa kila kilomita moja. Lami mpya nzuri inakuwa chini ya 2, ikishapita 6 hapo pamechoka. Ukirudi ofisini unatoa faili unafungua kwenye Eksel au kwenye ramani, na bosi aliyezoea kuambiwa "kule mbele ya Chimala pameharibika" anaona ni mita zipi hasa. Hapo ndo ninapoipendea, maana ule ubishi wa tuanze kuziba wapi unakwisha.

Ila matuta na rasta za vijijini, mfano ukipita Igurusi, nazo zinasomeka kama uharibifu, kwa hiyo beba mtu wa pili aandike kila tuta mlipopita. Upepo wa matairi nao unabadilisha namba, usipime leo na Hilux kesho na Noah halafu ukalinganisha. Na ukikwama nyuma ya semi inayopanda kwa kutambaa, hizo namba ziache tu.

Sasa kubwa kuliko yote ni mifereji. Pale mlima wa Inyala malori yanapanda taratibu, lami imepata jua, inabonyea kwenye njia za matairi na kuvimba pembeni. Tairi lako likiwa ndani ya mfereji linateleza laini kabisa, gari halirushwi, programu inakupaka kijani, yaani barabara nzuri!! Wakati dereva wa basi akitaka kuovateki pale usukani unamvuta, na mvua ikinyesha maji yanasimama humo humo. Hii inaweza kuua watu jamani. Kwenye milima shuka kwenye gari, weka koni, laza rula ya chuma ya mita 3 kukatisha njia ya tairi, pima kina kwa kabari, piga picha yenye GPS. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na namba za simu zisomwe pamoja na za mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka ekseli moja ya matairi manne isizidi tani 10, na kwa hesabu ya kipeo cha nne wanayotumia wahandisi (1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2), ekseli ya tani 12 inaumiza lami mara mbili ya ile ya tani 10. Tani mbili tu! Kuziba viraka bila kuangalia uzito ni kurudi pale pale mwakani.

Naipa nyota 4. Ukiichukua, pima mvua zikikatika mwezi wa tano, pima tena kabla hazijaanza, gari lile lile na upepo ule ule.