Mzinga wa kioo na ugomvi wa mayai uliomo ndani yake

Mzinga huu wa kutazamia nyuki, wenye kuta mbili za kioo, fremu mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine na wavu wa kuzuia malkia katikati, nimeutumia kwa misimu miwili. Ninaupendekeza kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mzinga wa mbao hulificha, nalo ni mvutano kati ya malkia na nyuki wafanyakazi kuhusu nani azae madume.

Kijitabu kinachoambatana nao kinadai kwamba wafanyakazi ni tasa. Si kweli, na kwa kifaa kinachouzwa kwa ajili ya mafunzo, kosa hilo ni zito. Mfanyakazi hapandwi, lakini ana ovari, na yai lake lisilorutubishwa hutoa dume kamili. Undugu wake wa damu na mwanawe wa kiume ni nusu, ilhali na kaka yake, mwana wa malkia, ni robo tu, kwa hiyo ana kila sababu ya kutaga. Wanaomzuia ni dada zake. Malkia hupandwa na madume wengi, mara nyingi zaidi ya 10, hivyo wafanyakazi walio wengi huchangia mama bila kuchangia baba, na undugu wa mmoja wao na mpwa wake, yaani mwana wa kiume wa dada wa baba mwingine, hushuka hadi moja ya nane. Kwa kila mmoja, kulea kaka kuna faida kuliko kulea mpwa. Mtafiti wa nyuki Francis Ratnieks aliieleza hoja hii mwaka 1988, na mwaka uliofuata, pamoja na mtafiti mwenzake Kirk Visscher, akaonyesha kwamba kweli nyuki wafanyakazi huyaondoa mayai yaliyotagwa na wenzao.

Kusoma hayo ni jambo moja, kuyaona ni jambo jingine. Kwa kuwa vijumba vya sega vimekikabili kioo, alasiri moja nilimwona mfanyakazi katika fremu ya juu akiingiza tumbo lake kijumbani kinyumenyume, akatulia, kisha akaondoka. Yai lilibaki ndani, jeupe, jembamba kama kipande cha uzi. Haukupita muda mrefu mwenzake akaingiza kichwa, akaling'oa kwa mataya na kulila. Hapakuwa na purukushani yoyote, na malkia, aliyekuwa chini ya wavu, hakushiriki kwa lolote. Kwa tukio hilo pekee ningeununua tena.

Kasoro yake kubwa ni kioo chenyewe, ambacho hakina mfereji wa kukishika, kwa hiyo huteleza wakati wa kukirudisha. Mara moja kiliteleza na kumponda malkia. Wafanyakazi walilea mwingine, lakini alipotoka kwenda kupandwa hakurudi. Majana, yaani watoto wa nyuki walio bado vijumbani, walipokwisha kabisa, na harufu yao iliyosaidia kuzuia ovari za wafanyakazi ikatoweka pamoja na ya malkia, ule ulinzi dhidi ya mayai ya wafanyakazi ulivunjika. Niliona mayai matatu, hata matano, katika kijumba kimoja, mengi yakiwa yamenata ubavuni kwa sababu tumbo la mfanyakazi ni fupi na halifiki chini kama la malkia. Baadaye vifuniko vya nta vilivimba juu ya vijumba vidogo, wakatoka madume wadogo kuliko kawaida, huku wafanyakazi wakizeeka na kufa bila wa kuwarithi. Lilikuwa somo kubwa, lakini sikupenda kulipata kwa kupoteza kundi zima.

Nafasi kati ya sega na kioo nayo ni pana kupita kiasi, na nyuki huijaza masega ya ziada yanayozuia kuona. Niliirekebisha kwa vipande vyembamba vya mbao.

Mwalimu wa baiolojia anayeweza kufanya marekebisho hayo aununue. Mtengenezaji, kwa upande wake, auchonge mfereji wa kioo na kuuandika upya ukurasa unaohusu wafanyakazi.