Kifurushi cha Waldorf cha Sh4,500, karatasi inageuka uji

Nitaanza na karatasi, kwa sababu ndiyo iliyonipandisha hasira. Kifurushi kilitangazwa kuwa cha wazazi wanaofundisha watoto nyumbani kwa mtindo wa Waldorf (ule mfumo wa elimu wa Rudolf Steiner unaotilia mkazo sanaa na kazi za mikono), kikiwa na kila kitu cha kuchora kwa rangi za maji kwenye karatasi iliyolowa. Kilifika Nakuru na matatu kutoka Kisumu, kimefungwa kwa utepe. Ndani kulikuwa na karatasi 20. Ya kwanza haikumaliza dakika 2 kwenye beseni. Ililegea kama chapati iliyotumbukia kwenye chai, sponji ikaichubua, na brashi ilipopita nyuzi zikajiviringa zikawa vijidonge. Ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu pia.

Anayeuza vitu hivi lazima ajue kazi yake. Karatasi huzamishwa yote dakika 5 hadi 10. Hushikwa pembe mbili ichuruzike, halafu hulazwa kwenye ubao wa plaiwudi uliopakwa vanishi. Sponji huanzia katikati ikielekea kingo hadi hewa yote itoke chini yake. Uso ubaki na unyevu unaong'aa kidogo. Ukiona vidimbwi, rangi itakimbia na kukusanyika pembeni. (Walio Kisumu, chorani asubuhi na mzime feni. Kwenye joto kingo hukauka kwanza na rangi husimama hapo na mstari mkali.) Karatasi ya kustahimili hayo ni ya gramu 300 kwa mita mraba, na ukibana matumizi usishuke sana chini ya 200. Tena iwe imetiwa gundi kiwandani ili nyuzi zishikane zikilowa. Hii ya kifurushi ni nene ukiipapasa, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Unene bila gundi ni tishu tu.

Nikampigia muuzaji nikiwa na swali moja: ni ya gramu ngapi?

"Madam, karatasi ni karatasi."

Nikamweleza ilivyochanika. Akanijibu, "Basi umeilowesha sana." Akakata simu. Nimeilowesha sana! Kulowesha ndiyo kazi yenyewe, na ndivyo alivyoandika kwenye tangazo lake.

Rangi nazo ni chupa 3 za ile rangi nzito ya watoto wa chekechea, iliyojaa unga mweupe kama chaki. Haipitishi mwanga. Njano na bluu zikikutana kwenye maji unapata kijani kilichopauka, na nyekundu ikiingia yote yanakuwa tope. Inayofaa ni rangi ya maji ya tyubu, na ukiweza ziwe 6: njano ya limau na njano ya dhahabu, bluu mbili, nyekundu mbili, moja ya baridi na moja ya joto kila upande. Kamua kama sentimita 2 kwenye kijichupa, koroga na vijiko vikubwa 3 vya maji, kisha jaribu pembeni kabla ya kumpa mtoto. Kwa wiki kadhaa mtoto huchora na njano peke yake, halafu bluu peke yake, ndipo siku moja zinakutana na kijani kinazaliwa mbele ya macho yake bila mtu kumwambia. Somo lote liko hapo. Ukimpa rangi ya chaki umemwibia siku hiyo, na mara ya kwanza hairudi tena.

Madaftari ya somo kuu, yale ambayo mtoto huandika na kuchora mwenyewe anachojifunza, yana mistari. Yanatakiwa yawe meupe, wala sitapoteza muda hapo.

Haki itendeke, brashi ni nzuri. Bapa, upana wa sentimita 2 na nusu hivi, zinashika maji mengi na hazing'oki nywele hata ukizipiga kwenye kiganja. Kwa ajili ya brashi nilikuwa nimepandisha nyota kutoka 1 hadi 3.

Kisha nikachoma uzi wa ile "sufu halisi" ya kufuma. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kidoleni. Hii iliyeyuka ikawa kishanga kigumu cheusi. Plastiki! Na Molo, nchi ya kondoo, iko hapa hapa kaunti yetu. Nyota zimerudi kuwa 1.

Kinachoniuma zaidi ni ile bei, kana kwamba Waldorf ni pambo la wenye nazo. Shule ya kwanza ya Steiner, Stuttgart, 1919, ilifunguliwa kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Sh4,500 kwa mzazi anayejinyima ni pesa nyingi mno kulipia uji wa karatasi.

Brashi zile, kama atakubali kuziuza peke yake, chukueni. Hapana, nikikumbuka alivyokata simu, tafuteni kwingine. Na popote mtakaponunua karatasi, ombeni kipande kidogo kabla ya kulipa. Dondosheni tone la maji. Likinywewa papo hapo, gundi hakuna. Likikaa juu kwanza, subirini dakika moja, sugueni kwa kidole, na uso ukibaki laini ndipo mtoe pesa.